Hansen au Neisser: nani hasa alimgundua mdudu wa ukoma? Na kwa nini mpaka leo hakubali kuoteshwa maabara?

#1 Mtafiti wa Usiku
Wakuu, salaam.

Tangu Ijumaa nasoma habari za ukoma na kuna jambo limenikaa rohoni. Shuleni tuliambiwa aliyegundua bakteria wa ukoma ni Gerhard Armauer Hansen, daktari wa mji wa Bergen kule Norway, mwaka 1873. Tukakariri, tukafaulu mtihani. Hata ugonjwa wenyewe siku hizi unaitwa kwa jina lake.

Sasa nimechimba kidogo. Alichoona Hansen mwaka ule ni vijiti vidogo ndani ya seli, kwenye majimaji ya vinundu vya wagonjwa, bila kuvitia rangi ya maana. Aliyevitia rangi vikaonekana wazi ni Mjerumani, Albert Neisser, aliyefika Bergen mwaka 1879, tena kwa sampuli alizopewa na Hansen mwenyewe! Zaidi ya hapo, Hansen hakufanikiwa kumwotesha mdudu huyo na hakufanikiwa kumwambukiza sungura hata mmoja. Sasa umeshindwa kuotesha, umeshindwa kuambukiza, umegundua nini? Umeona kitu. Kuona si kuthibitisha.

Mimi nasema sifa ile ni ya Neisser. Nipingeni kwa ushahidi, si kwa kelele.

#2 Mzee Kobe
Umechokoza nyuki. Nimevuta kigoda.

#3 Mwalimu wa Baiolojia
Mtafiti, hoja yako ina nguvu lakini umeipachika kwenye kalenda isiyo yake. Mwaka 1873 nani alikuwa amethibitisha nini? Robert Koch, yule Mjerumani bingwa wa bakteria, alitoa kazi yake ya kimeta mwaka 1876, na ya kifua kikuu mwaka 1882. Yale masharti ya kuotesha kwanza halafu kuambukiza, unayompimia nayo Hansen, yalikuwa hayajaandikwa. Unamhukumu mtu kwa sheria iliyotungwa baada ya yeye kutenda.

Halafu kumbuka alikuwa anapambana na nani. Bosi wake, Daniel Cornelius Danielssen, ndiye aliyekuwa bingwa wa ukoma duniani. Kitabu chake na Boeck cha mwaka 1847 kilifundisha kwamba ukoma ni wa kurithi, unatembea kwenye ukoo. Danielssen huyo alifikia kujidunga mwenyewe uchafu wa vinundu vya wagonjwa, na wasaidizi wake pia, na hakuna aliyeugua. Na ndiye aliyekuwa baba mkwe wa Hansen! Kijana ameoa binti wa mzee Januari 1873, mwaka huohuo anasimama kusema mzee amekosea. Tuanzie hapo kwenye ujasiri, rangi zitafuata.

#4 Mtafiti wa Usiku
Mwalimu, ujasiri nakubali. Lakini hata yeye mwenyewe kwenye andiko lake la 1874 alisema kwa tahadhari, hakudai moja kwa moja kwamba vijiti ndivyo vinavyoleta ugonjwa. Kama mwenyewe aliogopa kudai, kwa nini sisi tumdaie?

#5 Maabara Chumba Na. 4
Habarini. Mimi nimefanya kazi ya maabara miaka kumi na tisa, naomba niwaonyeshe kitu kabla hamjaendelea kugombania majina.

Kupima ukoma kwa hadubini kunafanywa hivi. Unaminya ncha ya sikio la mgonjwa kwa vidole viwili mpaka pawe peupe, damu iondoke. Kwa kisu kidogo cha upasuaji unachana urefu wa kama milimita 5, kina milimita 2. Hapo hulegezi vidole! Ukilegeza damu inajaa na sampuli imeharibika. Unageuza kisu, unakwangua ukuta wa ule mchano mara mbili tatu mpaka upate utelezi kidogo kwenye ncha, unaupaka kwenye kioo mduara mdogo. Unakausha, unapitisha kwenye moto, unamwaga rangi nyekundu ya fuksini, unapasha kwa chini mpaka mvuke uanze kupanda bila kuchemka. Kisha unaosha kwa alkoholi yenye asidi, na hapa wanafunzi wengi wanaharibu: asidi ya ukoma ni asilimia 1, si 3 kama ya makohozi ya TB. Mdudu wa ukoma anaachia rangi upesi kuliko ndugu yake wa TB. Ukizidisha asidi unamwosha, unaandika "hakuna", na mgonjwa anarudi nyumbani na mzigo wake. Mwisho unatia bluu.

Ukiweka jicho unaona bluu tupu, na ndani yake vijiti vyekundu. Kwa mgonjwa mwenye wadudu wengi wamelaliana ubavu kwa ubavu kama sigara zilizofungwa pamoja. Ukishawaona siku moja hutawasahau.

Sasa jiulizeni: Hansen aliona hao bila fuksini, bila asidi, bila bluu, kwa hadubini ya 1873. Kijiti cheupe ndani ya maji meupe. Mimi ukiniondolea rangi leo sioni kitu. Kwa hiyo Mtafiti, unaposema "alichoona ni vijiti tu", hilo neno "tu" naomba ulifute.

#6 Mtafiti wa Usiku
Mkuu wa Chumba Na. 4, "tu" nimelifuta. Hoja ya Neisser bado ipo.

#7 Binti Rufiji
Shukrani sana #5. Bibi yangu mzaa mama aliishi Kindwitwi, kile kijiji cha Rufiji kilichoanza kama kambi ya wagonjwa wa ukoma, alikofanya kazi Padri Lamburn. Bibi alikuwa na alama ndogo kwenye masikio yote mawili na sisi wajukuu tulidhani ni matundu ya hereni yaliyoziba. Leo ndiyo nimejua zilikuwa za nini.

#8 Kijana wa Busia
Ndugu zangu wa Tanzania, hujambo nyote. Huku kwetu Kenya tuna Alupe, hospitali ya ukoma ya tangu enzi za mkoloni. Swali langu ni jepesi: nimesikia mdudu huyu sasa anaoteshwa kwa kutumia kakakuona. Ni kweli?

#9 Mzee Kobe
Kakakuona? Yule anayetabiri mvua? Kijijini kwetu akionekana anapelekewa maji, unga na mkuki achague. Sasa na ukoma tena atabebeshwa!

#10 Mwalimu wa Baiolojia
Busia, si kakakuona. Ni armadilo, mnyama wa Marekani. Wanafanana kwa kuvaa deraya lakini hawana undugu wa karibu: kakakuona ana magamba, armadilo ana mabamba ya mifupa, na huyo wa maabara ana mikanda kama tisa mgongoni. Mwaka 1971 Eleanor Storrs na Waldemar Kirchheimer walionyesha kwamba ukimdunga armadilo anaugua ukoma mwili mzima, na ini na bandama lake vinatoa wadudu kwa mabilioni. Mwili wa armadilo una baridi kuliko wetu, nyuzi 32 hadi 35 hivi, na mdudu wa ukoma anapenda baridi. Ndiyo maana kwetu sisi anakimbilia masikio, pua, vidole, sehemu ambazo upepo unazifikia.

Kabla ya hapo ni Charles Shepard wa Marekani, mwaka 1960, aliyefanikiwa kumkuza kwenye nyayo za panya. Nyayo, hamuoni? Sehemu ya baridi. Lakini kwenye nyayo anafikia kiwango kidogo kisha anasimama.

Kwa hiyo jibu la swali la kichwa cha uzi: hakubali kwa sababu ya joto.

#11 Maabara Chumba Na. 4
Mwalimu, joto peke yake halitoshi. Kama ni joto tu, tungeweka chupa kwenye nyuzi 33 tukamaliza kazi. Watu wamefanya hivyo kwa miaka mia na zaidi. Clegg kule Manila mwaka 1909 alitangaza amemwotesha pamoja na amiba, wengine kabla na baada yake wakatangaza yao, na kila mara ikaonekana walichootesha ni bakteria mwingine.

Mimi naona shida ni mwendo wake. Bakteria wa kawaida wa kuhara anagawanyika kila dakika 20. Wa TB karibu siku nzima. Huyu ni wiki mbili, au siku 12 hadi 14. Uchafu wowote ukiingia kwenye chupa unamtangulia na kujaza nyumba nzima kabla yeye hajagawanyika mara moja.

#12 Nyakato
Nawasalimu kutoka Kampala. Wote wawili mna sehemu ya ukweli, ila mmeruka kitu cha 2001. Mwaka huo timu ya Stewart Cole ilichapisha jenomu nzima ya mdudu huyu, yaani maelekezo yote ya urithi aliyobeba, kutoka sampuli ya mgonjwa wa Tamil Nadu, India. Walikuta jeni zinazofanya kazi 1,604 na jeni zilizokufa 1,116. Wa TB ana jeni karibu 4,000 zinazofanya kazi. Yaani huyu ni kama mtu aliyehamia kwa tajiri miaka mingi, akauza sufuria, akauza jembe, akasahau hata kuwasha moto. Ukimtoa nje hajui kupika. Ndani ya seli ya binadamu kila kitu kimeandaliwa.

Kwa hiyo joto, hapana. Mwendo, hapana. Amepoteza vyombo.

#13 Mwalimu wa Baiolojia
Nyakato, mfano mzuri mno. Lakini kama ni vyombo tu, jeni tunazijua zote tangu 2001. Kwa nini basi tusimwekee kwenye chupa kila alichopoteza? Watu wamejaribu kumpa vyakula vya kila namna na bado anagoma. Na kwa nini armadilo na si nguruwe, kama kinachohitajika ni seli hai tu? Joto linarudi palepale.

#14 Mkulima wa Kahawa
Samahani naingilia. Mimi si msomi wa haya. Mjomba wangu ana baka mgongoni karibu na bega, rangi yake imefifia kuliko ngozi yake. Duka la dawa walimpa krimu ya fangasi mwaka jana, akapaka, likabaki. Wengine wanasema balanga. Hawashwi, haumwi. Nimesoma uzi huu tangu mwanzo na nimepata hofu. Ukoma si ulishaisha Tanzania?

#15 Maabara Chumba Na. 4
Hujaingilia kitu ndugu yangu, umefanya vema kuuliza.

Haukuisha. Tanzania ilifikia lengo la kushusha idadi chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000 mwishoni mwa 2006, na watu wakatafsiri "umeisha". Wagonjwa wapya wanapatikana kila mwaka.

Balanga ni jeupe kabisa na ngozi inahisi kama kawaida. La ukoma linafifia tu, na mara nyingi lina ganzi. Chukua pamba, isokote ncha iwe nyembamba kama uzi. Mguse kwanza sehemu nzima akiwa anaona, aelewe zoezi. Kisha afumbe macho, umguse kidogo tu, usiburute, na yeye aweke kidole pale alipoguswa. Changanya: ngozi nzima, katikati ya baka, ngozi nzima. Ukiona kwenye baka haonyeshi, mpeleke hospitali. Hata akihisi, mpeleke tu akaangaliwe.

#16 Mkulima wa Kahawa
Asante sana. Yupo shamba, anarudi jioni.

#17 Muuguzi Ughaibuni
Naishi Bergen mwaka wa sita sasa. Hospitali ya St. Jørgen bado ipo, leo ni makumbusho ya ukoma. Ni jengo la mbao, ukumbi mmoja katikati na pembeni vyumba vidogo vidogo mlango kwa mlango. Wagonjwa wawili wa mwisho walifariki hapo mwaka 1946. Niliingia chumba kimoja nikanyoosha mikono, karibu niguse kuta zote mbili.

Nimeona mnamsifu sana Hansen. Mimi naomba tutaje jina la Kari Nielsdatter Spidsøen. Huyu alikuwa mgonjwa katika hospitali ya Bergen, mwenye ukoma wa aina ya ganzi. Novemba 1879 Hansen alichukua uchafu wa kinundu cha mgonjwa mwingine, akauingiza kwenye jicho la mama huyu kwa kisu cha mtoto wa jicho. Hakumwomba ridhaa. Alipoulizwa mahakamani alikiri kwamba hakumwomba kwa sababu alijua angekataa. Mei 1880 mahakama ikamwondoa kwenye kazi ya udaktari wa hospitali hiyo. Akabakiziwa cheo cha mganga mkuu wa ukoma wa nchi.

Na jicho lile halikuthibitisha chochote.

#18 Binti Rufiji
Nimesoma #17 mara tatu. Mtu ameshaugua, amefungiwa, halafu jicho lake linageuzwa chupa ya majaribio. Na hatuambiwi shuleni. Kwa nini ugonjwa ubebe jina la mtu huyu?

#19 Mtafiti wa Usiku
Binti Rufiji, mimi sikujua hili nilipoanzisha uzi. Tazameni tarehe lakini: Neisser amekuja Bergen 1879, na jaribio la jicho ni Novemba mwaka huohuo. Nadhani Hansen aliona kijana wa miaka 24 anaondoka na sifa yake, akakimbilia kupata uthibitisho kwa gharama yoyote. Kwa hiyo hata jicho la Kari limo ndani ya ugomvi huu wa nani wa kwanza.

#20 Mwalimu wa Baiolojia
Inawezekana, lakini alikuwa anajaribu kuambukiza wanyama tangu kabla ya Neisser kuja. Inaweza kuwa alikuwa anaelekea hukohuko. Na yule Neisser unayempigia debe naye si malaika. Mwaka 1892 aliwadunga wanawake majimaji ya damu ya wagonjwa wa kaswende, wengine wasichana wadogo, wengine makahaba, bila ridhaa yao, akitafuta kinga. Baadhi yao wakapata kaswende. Alitozwa faini, na mwaka 1900 wizara ya Prussia, dola kubwa ndani ya Ujerumani ya wakati ule, ikatoa agizo kwamba majaribio ya namna hiyo yasifanyike bila ridhaa ya mhusika. Wote wawili unaowapigania walifikishwa mbele ya sheria kwa kosa la aina moja.

#21 Nyakato
Na wa Hawaii mmemsahau. Keanu, mfungwa aliyehukumiwa kunyongwa. Daktari Eduard Arning akampandikiza ukoma mkononi mwaka 1884, naye akabadilishiwa adhabu ikawa kifungo cha maisha. Baada ya miaka michache akaugua kweli. Dunia ikashangilia: imethibitika! Halafu ikagundulika ana ndugu wa damu wenye ukoma, kwa hiyo huenda alikuwa nao tayari. Akafia Kalaupapa, kambi ya wagonjwa wa ukoma hukohuko Hawaii, mwaka 1892. Hata huo "ridhaa" wake, kwa mtu aliyeonyeshwa kitanzi, ni ridhaa gani?

#22 Mzee Kobe
Nilikuja kucheka humu. Sasa sicheki.

#23 Kijana wa Busia
Naomba nirudi nyuma kidogo. Kama hawakuwa na dawa, ukoma uliondokaje Norway? Nimesoma walikuwa na karibu wagonjwa 3,000 kwenye miaka ya 1850. Dapsoni ilikuja miaka ya 1940.

#24 Mwalimu wa Baiolojia
Kwa kuwatenga. Sheria za 1877 na 1885 zilisimama juu ya nadharia ya Hansen kwamba ugonjwa unaambukiza. Mgonjwa akae chumba chake nyumbani, au aende hospitali. Norway ilikuwa na rejista ya wagonjwa wote wa nchi tangu 1856, kila mmoja kwa jina na mahali anapotoka. Hansen alionyesha kwa rejista hiyo kwamba wilaya zilizotenga zaidi zilipungukiwa haraka zaidi.

#25 Muuguzi Ughaibuni
Hapa wengi wanasema ni maisha kubadilika. Wagonjwa walikuwa wavuvi na wakulima maskini wa pwani ya magharibi, familia nzima chumba kimoja chenye unyevu. Chakula kikaboreka, nyumba zikaboreka. Idadi ilianza kushuka kabla hata ya sheria ya 1877.

#26 Nyakato
Wapo pia wanaosema TB ilichangia. Mdudu wa TB na wa ukoma ni ndugu, na aliyekutana na mmoja anapata kinga kiasi dhidi ya mwingine. Hapa Uganda ilionekana kwamba watoto waliochanjwa BCG walikingwa na ukoma kwa kiasi kikubwa, karibu asilimia 80. Kama chanjo ya TB inakinga, kwa nini TB yenyewe iliyojaa Norway isikinge?

#27 Mtafiti wa Usiku
Na uhamiaji? Maelfu waliondoka kwenda Marekani. Hansen mwenyewe alikwenda huko mwaka 1888, akazunguka Minnesota na majirani zake akiwatafuta wagonjwa wa Kinorwe. Aliwakuta waliohama nao, lakini watoto na wajukuu wao hakukuta hata mmoja mgonjwa. Ingekuwa ni wa kurithi wangeugua. Nakiri kwamba hapo alimpiga baba mkwe wake bao safi kuliko hata la hadubini.

#28 Maabara Chumba Na. 4
Mtafiti, sasa umehamia upande wetu?

#29 Mtafiti wa Usiku
Kwa nusu. Kuona ni kwa Hansen. Kuonyesha ni kwa Neisser. Kuthibitisha bado nasema hakuna kati yao.

#30 Binti Rufiji
Basi na mimi niseme langu. Bibi alianza na dapsoni peke yake, miaka na miaka, baadaye ndiyo zikaja za mseto, rifampisini na klofazimini juu yake. Klofazimini ilimfanya mweusi wa kung'aa, akawa anatuambia "nimepakwa rangi nionekane", na sisi tukicheka bila kujua. Sasa nasoma hapa habari za kutia rangi vioo, nalia. Alipona. Vidole havikurudi, lakini alipona, na alisuka mikeka mpaka mwaka wa kufa kwake kwa viganja vile vile.

Ukitaka kubadilisha jina la ugonjwa, usitafute jina la daktari yeyote.

#31 Kijana wa Busia
Pole na hongera kwa bibi. Wazee wa pwani wanaita jedhamu, wengine matana. Ukoma lakini ndilo linaloeleweka kila mahali.

#32 Mkulima wa Kahawa
Nimerudi. Mjomba ameoga, amekaa kwenye kiti cha uani, nimefanya kama #15 alivyoelekeza. Bega la kulia alionyesha kila mara, hata nilipogusa kidogo sana. Kwenye baka nimegusa mara sita. Katikati hakuonyesha hata mara moja. Alikaa amefumba macho akiniuliza, "Mbona huanzi?"

#33 Maabara Chumba Na. 4
Mpeleke kesho asubuhi. Ulizia kitengo cha kifua kikuu na ukoma, hospitali ya wilaya wanacho. Dawa ni bure, miezi 6 au 12 kutegemea wingi wa wadudu. Akianza dozi hatamwambukiza mtu nyumbani, kwa hiyo asihamishwe chumba wala kutengewa sahani. Waangalie pia mishipa ya kiwiko na nguvu za vidole, uwakumbushe wasisahau.

#34 Mkulima wa Kahawa
Gari la kwanza ni saa kumi na moja na nusu. Tunakwenda wote wawili.